Kuni za Hamamu ya Tubulka

Tubulka, 20 Septemba, mwaka wa tano wa mzunguko wa kodi

Kwa dada yangu Namgede, huko Zarata mlimani.

Nakusalimu kama inavyotakiwa. Hapa nyumbani hatujambo. Mke wangu Silvana amepona lile jipu la bega. Mama yupo, anakula, anasema sana. Magoti ndiyo yanayomsumbua, hasa asubuhi, kwa hiyo kila siku anapelekwa hamamu akakande miguu kwa joto. Zeituni za mwaka huu ni chache na zina funza. Za huko kwenu sijui, maana hamsemi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tangu katikati ya Agosti punda wa kuni hawajashuka. Nimemuuliza Migini, mwenye punda, akanijibu, "Mimi nabeba ninachopewa, bwana. Nikipewa hewa nitabeba hewa." Yule ni mtu wako na ulimi wake umetoka kwako.

Unajua, au unajifanya hujui, kwamba zamu ya kupasha moto hamamu ya mji mwaka huu imeniangukia mimi. Sikuiomba. Nyumba aliyoniachia baba ina kiti katika baraza, na mwenye kiti hana pa kukimbilia. Mwaka juzi diwani mmoja aliiacha hamamu ikapoa siku nne. Alichapwa kwa mjeledi wenye vipande vya madini ya risasi, pale sokoni, mtu mzima mwenye wajukuu.

Ulipokuwa msichana tanuri zilikuwa tano. Nimebakiwa na mbili, na hizo mbili zinakula mizigo kumi na miwili ya punda kila siku, sikukuu na siku ya kazi. Wala siwezi kuzima leo nikawasha kesho. Kuta zile zikishapoa, kuzirudishia joto ni siku tatu na kuni za wiki nzima. Na wewe umekalia msitu wa baba kama kuku aliyeatamia mawe.

Nataka mizigo mia mbili kabla ya Novemba.

Ndugu yako,
Rogato

* * *

Zarata, 8 Oktoba

Kwa Rogato, mdogo wangu, diwani.

Mama kwanza. Mwambie namsalimu. Mwambie yule mbuzi wake mwenye pembe moja amezaa mapacha, na mtini wa uani umezaa mpaka tumechoka kuanika. Nimempa Migini kapu la tini na wale konokono wa kuchemsha aliowaomba. Hakikisha vinafika mdomoni kwa Mama, visiishie kwa wageni wako. Silvana nampa pole. Mimi ni mzima. Tangu mume wangu Iader afariki nimezoea kuulizwa hali na mbuzi tu.

Unasema nimekalia msitu. Njoo uuone huo msitu. Pale tulipokuwa tukijificha tukiwa watoto, sasa ukisimama unaona mpaka Tubulka na moshi wa hamamu yako. Mwaloni ulio karibu uko nusu siku kwa miguu, kwenye genge, na mwaka jana ulimuua mkataji wangu mmoja. Mvua ya Machi iliteremsha udongo wa upande wote wa mashariki ukaingia kisimani. Nilikunywa maji ya matope mpaka Juni. Babu alikata, baba akakata, na mimi nimekata miaka kumi na minne, kwa ajili ya watu wa mjini kukaa uchi na kupiga soga. Sasa basi.

Halafu kuna lingine, na hili ndilo langu. Siku tuliyomzika baba ulimpandisha Mama kwenye gari lako la kukokotwa hata udongo haujakauka. Ulisema ni kwa ajili ya baridi ya mlimani. Mimi nilijua ni kwa ajili ya kuni. Mama akiwa kwako, mimi Namgede sitathubutu kukunyima. Mwezi wa Juni Mama alimtuma Migini aniambie kwa mdomo, "Mwambie binti yangu nimechoka na kelele za hapa, nataka kurudi." Nilikuandikia hukujibu. Nakuandikia tena. Mlete Mama, au niruhusu nimfuate.

Namgede

* * *

Tubulka, 2 Novemba

Dada yangu,

Salamu. Tini zimefika. Silvana anashukuru kwa pole yako. Binti ya jirani yetu wa upande wa kanisa ameolewa, na watu walikula vizuri kuliko walivyotazamia. Mvua imeanza.

Baraza limekaa. Nilisimama nikasema kuni za mlimani hazipatikani, wakanicheka. Mmoja akasema, "Dada yako amekushinda?" Mwezi wa Januari liwali anapita hapa, na atataka kuoga, na aliye zamu ni mimi. Nimepewa karatasi yenye muhuri, inayoniruhusu kupanda Zarata na askari kumi nikate chochote kilichosimama, pamoja na mtini wako wa uani. Karatasi iko sandukuni. Sipendi kuitumia.

Nimeanza kuchoma mashudu ya zeituni, na boriti za duka la mfinyanzi aliyehama. Chumba cha vuguvugu nimeshakifunga. Kimebaki cha moto, wanawake asubuhi na wanaume mchana. Zamani mtu aliloa jasho akiwa bado mlangoni. Sasa wanauliza kama tumewasha.

Kuhusu magoti ya Mama, yeye ndiye wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka. Hamamu ikipoa usifikiri utakuwa umenikomoa mimi. Utakuwa umemkomoa yeye.

Rogato

* * *

Zarata, 19 Novemba

Kwa diwani,

Msalimie Mama. Mwambie mapacha wa mbuzi wanaruka, na mmoja ana alama nyeupe puani kama aliyeingiza uso kwenye unga. Huku hatujambo.

Hukujibu nilichouliza. Umeniandikia habari za harusi ya jirani.

Kuni unazo. Migini anashuka na mizigo arobaini, na safari nyingine nne zinafuata mpaka ifike mia mbili uliyotaka. Usilete askari wako. Mtini wangu ukiguswa nitashuka mwenyewe nikukatie mlango wa nyumba.

Umesema unataka kuni, hukusema kuni gani. Basi pokea.

Namgede

* * *

Tubulka, 14 Desemba

Dada,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama anakusalimu. Silvana ana mafua.

Ulichonitumia si kuni. Ni mierebi ya mtoni, mibichi, na gome lake lina ute. Ukiitia tanurini inalia, inatoa maji kwenye ncha, inafuka. Mchochea moto wetu, mzee Sadunis, ana miaka thelathini mbele ya tanuri zile. Alishika kipande akakinusa, akasema, "Aliyekata hizi alikuwa na hasira na mtu." Watu wanatoka macho mekundu, wananitukana mpaka nyumbani. Ilibidi nichanganye na mkaa na mashudu, na nizibe matundu ya moshi ili kile kijoto kidogo kisitoroke.

Liwali atafika baada ya mwaka mpya. Ukinitumia tena majani ya mtoni nitafungua lile sanduku. Mtumie Mama mwaloni, kama mimi hunijali.

Rogato

* * *

Zarata, 27 Desemba

Rogato,

Migini ameleta barua yako na mikono mitupu. Mama hajawahi kumrudisha Migini mikono mitupu. Atafunga hata ganda la komamanga kwenye kitambaa, na neno la mdomo haliachi. Safari hii nimemuuliza, "Mama amesema nini?" Akasema, "Alikuwa amelala, bibi." Nikamwandalia chakula, hakula. Akasema tumbo linamuuma.

Kama anaumwa niambie.

Nakutumia mizigo themanini ya mwaloni mkavu. Iader aliukata miaka miwili kabla ya kufa, ulikuwa ghalani kwangu, chini ya paa. Hauna moshi na unashika moto tangu asubuhi hadi jioni. Huu ni wa Mama, si wako, wala si wa liwali. Mwambie Sadunis auwashe saa ya wanawake.

Namgede

* * *

Zarata, 20 Januari

Rogato,

Wiki tatu. Mwaloni umefika, Migini amethibitisha. Wewe hujaandika hata mstari. Mama anaendeleaje?

Namgede

* * *

Tubulka, 9 Februari

Dada,

Salamu. Mwaloni ulifika, na ulikuwa mzuri. Liwali alioga tarehe nane Januari, akakaa saa mbili nzima chumba cha moto, akasema hajapata jasho kama lile tangu aondoke Karthago. Baraza lilinishika mkono.

Kesho yake niliamuru tanuri zizimwe, zote mbili. Sadunis alidhani nimekosea. Akauliza, "Tuzime kabisa, bwana?" Nikamwambia kabisa. Sakafu ya chumba cha moto ina ufa kwenye kona ya kaskazini, haifai watu kukaa pale. Baraza limekasirika. Wameniita mara mbili.

Usitume kuni tena.

Rogato

* * *

Zarata, 26 Februari

Kwako wewe,

Sikusalimu, na yeyote wa nyumbani kwako simuulizi hali.

Juzi Migini aliileta barua yako, akasimama mlangoni wala hakuondoka. Nikasoma, nikamuuliza, "Kona ya kaskazini nani alikuwa anakaa?" Mtu mzima yule akakaa chini kwenye kizingiti akalia. Akaniambia Mama alikufa tarehe tano Desemba, ndani ya chumba cha moto, na wewe ukamwambia akinieleza utawatoa punda wake wabebe mizigo ya jeshi mpaka wafe. Amebeba siri yako miezi miwili na nusu. Ndiyo maana hakuwa anakula kwangu.

Barua yako ya tarehe kumi na nne ninayo hapa. Umeandika kwa mkono wako, "Mama anakusalimu." Alikuwa na siku tisa chini ya udongo. Ukaendelea kwa kuniomba kuni kwa jina lake. Mwaloni wa mume wangu, ambao mimi mwenyewe nilikuwa naogopa kuugusa, niliupakia kwa ajili ya magoti ya mtu aliyekwisha kuzikwa, na ukamchemshia maji liwali.

Sadunis amemwambia Migini kila kitu. Alikuonya usizibe matundu. Ulimjibu kazi yake ni kuchochea.

Niambie ilikuwaje, kwa mdomo wako. Mengine usiandike.

Namgede

* * *

Tubulka, 15 Machi

Namgede,

Nitakuambia.

Siku ile kulikuwa na baridi tangu alfajiri. Mierebi yako ilikuwa imefuka kutwa ya jana yake na kuta zilikuwa zinapoa. Nilimwambia Sadunis aongeze mkaa, kisha azibe matundu. Akasema, "Bwana, moshi ukikosa njia ya juu utatafuta ya sakafuni, na sakafu ina ufa. Haya mambo mimi nayajua." Nikamjibu hivyo ulivyosikia.

Nilimpeleka Mama mwenyewe mpaka mlango wa wanawake. Alikuwa na furaha. Akasema, "Leo panazizima hata humu. Namgede ametutumia maji ya mto." Akacheka. Nikamwambia, "Kaa kona ya kaskazini, Mama, ndiko kunakotoka joto." Ni mimi niliyesema hivyo. Hilo Sadunis hakulisikia, wala Silvana hajui.

Wanawake walianza kusema vichwa vinawauma, wakatoka mmoja mmoja. Mhudumu akamwita Mama. Akajibu, "Niache kidogo, ndiyo kwanza magoti yanalegea." Mhudumu aliporudi akadhani amelala. Waliponiita niliingia na viatu vyangu. Alikuwa amekaa, ameegemea ukuta, mashavu mekundu kama mtu aliyetoka shambani juani. Nilimbeba mpaka uani kwenye upepo. Nilimwita sana. Mwili ulikuwa bado wa moto, kwa hiyo nilikataa kuamini, na wakanishika mikono.

Tulimzika nyuma ya ukuta wa kanisa. Nilikaa kukuandikia mara nne. Kisha nikaona, ukijua hutatuma kuni, liwali atakuta maji baridi, na mimi nitachapwa mbele ya watu. Ndivyo nilivyowaza. Nimeandika kama ulivyotaka.

Nimechapwa hata hivyo, kwa kuzima. Tarehe kumi na mbili Februari, viboko kumi na viwili. Baraza lilimtafuta mwingine wa kuchukua zamu na hakuna aliyepata kuni, hata kwa karatasi yenye muhuri. Sasa wamekubali. Vyumba vya moto vimefungwa kwa matofali, limebaki birika la maji baridi ambamo wanaingia vijana wenye mashindano. Watu wanaoga majumbani kwenye beseni. Wachoma chokaa wameshaanza kung'oa mawe meupe ya ukutani. Sadunis analima bustani ya shemeji yake.

Na sasa nikuulize wewe. Ghalani kwako mwaloni ulikuwepo kabla ya Novemba, mkavu, chini ya paa. Umeandika mwenyewe. Kwa nini ulinitumia mierebi?

Rogato

* * *

Zarata, 2 Mei

Rogato,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta jibu ambalo lingekuumiza wewe peke yako. Sikulipata.

Mwaloni ulikuwepo. Ulijaa mpaka darini. Nilishuka mtoni na wakataji wawili, nikawaonyesha mierebi kwa kidole, nikasema, "Kateni hii. Ale moshi." Wakacheka na mimi nikacheka. Nilikuona wewe kichwani mwangu, diwani, unakohoa mbele ya wenzako. Nilijua Mama anaingia mle kila asubuhi. Uliniandikia Septemba, ukaniandikia tena Novemba. Nilijua, na sikumuwaza. Siku nzima ile ya kukata sikumuwaza hata mara moja. Hilo ndilo jibu.

Sikusamehe ile "Mama anakusalimu". Nimejaribu kwa sababu padri wa huku ameniambia nijaribu, na haiwezekani. Wewe pia sikuombi unisamehe mierebi.

Tarehe ishirini Aprili nilikuja, kama ulivyoambiwa. Nilikuwa na Migini na wanaume wanne na kibali cha askofu cha kumhamisha Mama. Silvana alitufungulia geti la kanisa, akatuletea maji. Nilimwona mtu amesimama kwenye roshani ya nyumba ya baba akiwa ameshika ukuta. Mgongo ulikuwa umeinama kama wa mzee. Nilikuwa nimejiandaa kufurahi kwa habari ya mjeledi. Haikuja hiyo furaha.

Tulipita mbele ya hamamu. Mlango haupo, wameuondoa. Ndani kulikuwa na mbuzi. Nilikuwa sijaingia tangu nilipoolewa, nikamwambia Migini asubiri. Nilikwenda mpaka ile kona. Wachoma chokaa wameng'oa sakafu, nikaona vile vinguzo vya matofali vilivyosimama chini, vyeusi kwa masizi, na nafasi ndogo kati yake ambamo moto wa mlima wetu ulikuwa unapita miaka yote ile. Nilikuwa sijawahi kujua ni padogo hivyo. Migini akaniita, punda walikuwa wanahangaika.

Mama yuko hapa sasa, upande wa juu, pasipoteremka udongo. Nimepanda vichipukizi vya mwaloni kuzunguka. Mbuzi wamekula vitatu.

Tarehe tano Juni itakuwa miezi sita. Nitampelekea uji wa shayiri na divai pale kaburini, kama tulivyomfanyia baba. Njia unaijua. Ukija, chakula utakipata. Utakula peke yako.

Namgede